Upanuzi wa barabara mtaani Kisauni: tuulize nini kabla ripoti ya mazingira haijapitishwa?

Mkaazi wa Kisauni

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu nyote.

Upande wetu wa Kisauni kumebandikwa tangazo, moja kwenye ukuta wa ofisi ya chifu na jingine kwenye nguzo ya stima karibu na steji, likieleza kwamba barabara inayotoka mtaani kwetu kwenda kuungana na barabara kuu ya Mombasa–Malindi inapangiwa kupanuliwa, kutoka njia moja kila upande hadi njia mbili, na kwamba wakaazi wataitwa mkutanoni kuzungumzia tathmini ya athari za mazingira na jamii. Vijana wenye fulana za kung'aa wameshapita wakipima na kupaka rangi nyekundu kwenye kuta za watu, na walipoulizwa walisema wao wametumwa kupima tu.

Hakuna anayeishi huku asiyeijua tabu ya barabara hiyo. Mtu anayefanya kazi kisiwani hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka ili asikwame kabla ya kufika Daraja la Nyali, na jioni watoto wa shule hufika nyumbani magharibi imeshaadhiniwa. Mgonjwa akizidiwa saa za jioni, jamaa huona afadhali kumpakia kwenye bodaboda kuliko kungoja gari la hospitali. Kwa hivyo sipingi barabara kutengenezwa. Ninachohofia ni kwamba tutaitwa mkutanoni, tutapewa soda, tutaweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na sahihi zile zitahesabiwa kuwa ndiyo kukubali kwetu.

Ningependa wenye ujuzi wanieleze kama kweli kuongeza njia kutaondoa msongamano, na tathmini hiyo inapaswa kuchunguza nini hasa ili nasi tujue tukikosa nini tuulize. Pia wengi wetu tuna nyumba ila ardhi si yetu, tunalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Je, sisi tunahesabiwa kuwa watu walioathirika, au fidia ni ya mwenye hatimiliki peke yake?

---

Mhandisi Mstaafu

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kazi yangu ilikuwa barabara kwa miaka mingi, na la kwanza ninalokuomba ni kwamba msianze na swali la upana. Anzeni na mahali msongamano unapozaliwa.

Njia moja ya lami isiyokatizwa na kitu inaweza kupitisha magari madogo yanayokaribia 2,000 kwa saa. Barabara za mitaa ya Mombasa hazifikii kiasi hicho hata zikiwa zimejaa pomoni, kwa sababu kinachozuia gari huko si wembamba wa lami, ni yale yanayotokea kwenye makutano na kwenye kingo. Simama saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale barabara ya mtaa inapomwaga magari kwenye barabara kuu, utazame kwa utulivu. Matatu imesimama na magurudumu mawili ndani ya lami kwa kuwa hakuna pengine pa kupakia. Tuktuk mbili nyuma yake zinachungulia nafasi ya kuipita. Mkokoteni wa maji, umejaa mitungi ya lita 20, unasukumwa katikati ya njia kwa sababu kando kuna mtaro usiofunikwa. Wanafunzi wanavuka popote wanapoona mwanya, kwani kivuko hakuna. Hapo njia moja imekwishapungua ikawa nusu. Mkiongezewa ya pili bila matatu kutengenezewa kituo cha pembeni chenye urefu wa kutosha, hiyo njia ya pili itageuka steji kabla rangi ya alama za barabarani haijafifia.

Jambo jingine ni kwamba magari ya kwenu hayaishii kwenu. Yanakwenda kuungana na yale yanayotoka Bombolulu, Kiembeni na Bamburi, na yote yanaelekea kwenye daraja moja. Daraja la Nyali lina njia sita, nalo lilijengwa mwaka 1980 kuchukua mahali pa daraja la kuelea lililokuwepo tangu 1931. Lilikusudiwa mji uliokuwa mdogo kuliko huu, ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu 1,208,333. Barabara ya kulishia ikipanuliwa na makutano ya mbele yakaachwa yalivyo, foleni haipungui, inasogezwa tu kutoka mlangoni mwenu hadi mlangoni mwa jirani. Ndiyo maana ripoti ya usafiri inatakiwa ionyeshe hesabu za makutano yanayofuata pia, si za kipande kinachojengwa peke yake.

Kuhusu swali lako lenyewe, kwamba kuongeza njia kutaondoa msongamano au hapana: mahali ambapo watu wengi wamezuia safari zao kwa sababu ya foleni, njia mpya huzitoa safari hizo zote nje. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha mwaka 2011 utafiti wa miji ya Marekani, wakaona kwamba kilomita zinazoendeshwa na magari ziliongezeka karibu kwa uwiano uleule wa kilomita za njia zilizoongezwa. Miji ile ni ya watu wenye magari mengi kuliko sisi, na sitaki mtu achukue matokeo yale ayabandike Kisauni kama yalivyo. Lakini mshauri wa mradi anapoandika kwamba kasi ya magari itaongezeka na kubaki hivyo kwa miaka 20, ana wajibu wa kueleza amezihesabu vipi safari mpya zitakazozaliwa na barabara yenyewe. Kama hakuzihesabu, makadirio ya faida yote yamekaa upande.

Ulizeni pia magari yalihesabiwa lini. Mombasa ina misimu. Ukihesabu Ramadhani, kilele cha jioni kinasogea na kuwa kikali kabla ya futari; ukihesabu Agosti au Desemba, shule zimefungwa na watalii wa bara wamejaa; ukihesabu mvua za Mei, nusu ya bodaboda hazipo barabarani. Hesabu nzuri huchukua wiki nzima ya kawaida ya muhula wa shule, saa za mchana na usiku, na hutenganisha matatu, tuktuk, bodaboda, malori, mikokoteni na waendao kwa miguu. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, nalo linanisikitisha kuliko yote. Barabara ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 ilisifiwa kwa kasi yake, na watu wengi waligongwa wakivuka njia zile pana, huku madaraja zaidi ya kuvukia yakiendelea kuongezwa baada ya barabara kuanza kutumika. Barabara ya njia nne inayopita kati ya msikiti, shule na soko haiwezi kungoja watu wafe ndipo ipate vivuko.

---

Mtaalamu wa Mazingira, Tudor

Mhandisi amesema ya usafiri, nami nitasema ya tathmini yenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku na ndipo ninapoona wananchi wakipitwa.

Msingi ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyofanyiwa marekebisho 2015, pamoja na Kanuni za tathmini za 2003. Mwenye mradi haruhusiwi kuanza kazi kabla hajapata leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Miradi midogo hupita kwa ripoti fupi, na mikubwa hulazimika kufanyiwa utafiti kamili, kwa hivyo swali lenu la kwanza mkutanoni liwe: mradi huu umewekwa daraja gani, na kwa nini? Barabara ya njia nne inayobomoa nyumba ikiletwa kwa ripoti fupi, ombeni maelezo kwa maandishi. Mahali pengine barabara hukatwa vipande vifupi, kila kipande kikapewa ripoti yake, na athari za barabara nzima zisionekane na mtu yeyote.

Ikiwa ni utafiti kamili, Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi karibu na eneo, achapishe tangazo gazetini, litangazwe redioni mara moja kwa wiki kwa wiki mbili mfululizo, kwa lugha rasmi na za mahali, na afanye angalau mikutano mitatu na walioathirika. Baada ya ripoti kufikishwa NEMA, umma hualikwa tena kutoa maoni, na tangazo hutaja tarehe ya mwisho. Ni hatua mbili tofauti. Watu wengi huhudhuria ya kwanza, wakati ripoti haijaandikwa, na hawajui kwamba ya pili ipo, ambayo ndiyo yenye uzito kwa kuwa sasa kuna maandishi ya kuyasoma na kuyapinga.

Hofu yako ya karatasi ya mahudhurio, ndugu Mkaazi, si hofu ya bure, na sheria imeshaizungumzia hapa hapa Pwani. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu. Mikutano ilikuwa imefanyika, na watu walikuwa wamehudhuria. Lakini mahakama iliona kwamba ile ilikuwa mikutano ya utangulizi, iliyofanywa kabla ya utafiti kukamilika, na kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuzijadili athari baada ya kujulikana. Kuhudhuria si kukubali, na kuambiwa mradi unakuja si kushirikishwa. Hata hivyo ombeni kichwa cha karatasi ile kiandikwe wazi kuwa ni mahudhurio peke yake, na mpate nakala ya kumbukumbu za mkutano.

Sasa, ndani ya ripoti yenyewe. Wengi huanza kusoma muhtasari, wakaona majedwali ya vumbi na kelele, wakachoka. Nawaomba mfungue moja kwa moja sura ya njia mbadala, maana uamuzi halisi umefichwa pale. Sheria inataka mwenye mradi alinganishe alichochagua na mengine yanayowezekana, pamoja na kutofanya kitu. Ripoti nyingi nilizozipitia hulinganisha mawili tu, kupanua au kuacha, na bila shaka kuacha hushindwa. Lakini baina ya hayo mawili kuna mengi: kutengeneza makutano peke yake na kuweka taa, kujenga vituo vya matatu vya pembeni, kufunika mitaro iwe njia ya waendao kwa miguu, kuipa mikokoteni na baiskeli ukanda wao, kufungua barabara za ndani za mtaa ili magari yasilazimike kutokea mlango mmoja. Baadhi ya hayo yanaweza kufanyika ndani ya hifadhi ya barabara iliyopo, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, bila kuvunja hata ukuta mmoja. Sisemi yatatosha, yawezekana kweli njia nne zinahitajika. Nasema yapimwe, kwa hesabu zilezile walizopimia upanuzi, na matokeo yaandikwe. Ripoti ikikosa ulinganisho huo, hilo pekee ni pingamizi zito kuliko malalamiko mia ya vumbi.

Baada ya hapo, nendeni kwenye maji. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mitaani watu wengi hunywa, huoga au hufua kwa maji ya visima vilivyochimbwa ndani ya mawe hayo, si mbali na mashimo ya vyoo. Mawe ya matumbawe yana matundu; kinachomwagika juu hakichelewi kufika chini. Barabara pana ina maana ya lami zaidi, na lami zaidi ina maana ya maji mengi zaidi yanayotiririka kwa haraka, yakiwa na mafuta na vumbi la breki. Ripoti lazima iseme maji hayo yatakwenda wapi wakati wa masika, yanapofikia kilele mwezi wa Mei, na mitaro itaishia wapi: kwenye kiwanja cha shule, kwenye mikoko ya mkono wa bahari, au kwenye uwanja wa mtu? Nimeona michoro ambayo mtaro unaonekana vizuri sana hadi ukingo wa karatasi, na mbele ya hapo hakuna kitu. Barabara inapokosea juu ya maji, kosa hilo hudumu. Tuta la Makupa liliziba kwa miongo mingi mkondo wa bahari baina ya upande wa Kilindini na Tudor, na ilibidi kujengwa daraja jipya, lililofunguliwa 2022, ili tuta liondolewe na maji yapite tena.

Vumbi na kelele vina kanuni zake, na mengi yake yanajulikana. Kwa ujenzi ulio karibu na makaazi, shule na hospitali, Kanuni za kelele za 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 60 mchana na 35 usiku. Kiwango hicho cha usiku ni cha chini sana, kwa hivyo mkandarasi akitaka kuvunja mawe usiku ili asifunge barabara mchana, aeleze amepewa ruhusa gani na familia zitalala vipi. Mipasuko kwenye nyumba kuukuu za mawe na chokaa husababishwa na mtikisiko wa mashine za kushindilia, kwa hivyo nyumba zipigwe picha kabla ya kazi kuanza, la sivyo kila ufa utaitwa wa zamani. Na miti: mibuyu, miembe na mikungu iliyo kando ya barabara ihesabiwe mmoja mmoja kwenye ramani. Mche wa kupandwa baada ya mradi hautoi kivuli kwa mama anayeuza mbaazi leo, wala hautatoa kabla mtoto wake hajawa mtu mzima. Mwaka 2020 njia ya barabara ya juu kule Nairobi iliweza kuukwepa mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way baada ya watu kuutetea, kwa hivyo tusiambiwe kwamba mti hauwezi kukwepwa.

---

Mama wa Steji

Mimi si msomi wa mambo haya, lakini nauza chakula asubuhi pale steji na nayaona kabla ya wote. Ninaomba mnapoandika msitusahau. Tukiandikwa, huandikwa "vibanda vilivyovamia", ilhali ushuru wa kaunti tunalipa na risiti tunazo. Kaka zangu wenye tuktuk nao wana uongozi wao na sehemu yao ya kungojea abiria. Ikiondolewa bila kupewa nyingine watasimama palepale barabarani, kwa sababu abiria hawatahama.

Tena mikutano inawekwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Wanaokuja ni wazee na waliokosa kazi. Wafanyakazi wa gati na wa mahoteli, wanawake wa sokoni, wanafunzi, hao wote hawapo. Ijumaa nayo watu wanajiandaa kwa sala. Uwekwe Jumamosi baada ya alasiri, na wanawake tupewe nafasi ya kusema peke yetu, kwa maana kuna mambo ya kuvuka barabara na mtoto mgongoni na kuhusu giza la usiku ambayo hayasemwi mbele ya kila mtu.

---

Wakili wa Masuala ya Ardhi

Nimjibu ndugu Mkaazi kuhusu nyumba, na jibu langu litamfaa dada wa steji pia.

Mombasa tuna hali ambayo haijazoeleka sehemu nyingi za bara: nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako au umeirithi kwa mamako, lakini ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali, na kinaitaka Serikali inapotwaa ardhi ilipe fidia ya haki bila kuchelewa. Kikaongeza kwamba inaweza kuwekwa njia ya kuwalipa wakaaji wa nia njema hata kama hawana hatimiliki. Kwa hivyo si sahihi kumwambia mwenye nyumba kwamba hana lolote kwa sababu hana hati. Lakini haki hiyo inahitaji ushahidi. Kusanyeni risiti za kodi ya ardhi, hata zile za karatasi zilizofifia, bili za stima na maji, kibali cha ujenzi kama kipo, na barua ya chifu au mzee wa mtaa. Ikiwa risiti iko kwa jina la marehemu, anzeni sasa kushughulikia mirathi kwa Kadhi au mahakamani, kwa maana fidia nyingi hukwama hapo na si kwa mwenye mradi.

Utwaaji wenyewe hufanywa kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo huchapisha ilani kwenye Gazeti la Serikali na hufanya kikao cha kusikiliza madai. Alama nyekundu ukutani si ilani ya sheria. Msivunje wenyewe kwa sababu ya rangi, na msiuze kwa hofu kwa wale wanaokuja na pesa taslimu wakidai kwamba nyumba zenu "zimeshapitiwa".

Kwa walio ndani ya hifadhi ya barabara hali ni tofauti, kwa kuwa ardhi ile ni ya umma na haitalipiwa. Hata hao hawaondolewi kiholela. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya umma, na Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Mitu-Bell ya Januari 2021, ilitambua kwamba wakaaji wasio na hati kwenye ardhi ya umma nao wana haki ya makaazi inayopaswa kulindwa.

Ulizeni pia pesa za mradi zinatoka wapi, kwa sababu jibu hubadilisha mambo. Mradi ukifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia au nyinginezo, taratibu za mfadhili hutambua hasara ya jengo na ya riziki hata kwa asiye na hati, na huwa na dirisha la malalamiko. Mei 2015 nyumba na maduka ya watu yalibomolewa usiku Kwa Jomvu kwa ajili ya upanuzi wa barabara kuu ya kuelekea Mariakani. Wakaazi wale walilipeleka shauri lao kwenye kitengo cha malalamiko cha Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, iliyokuwa miongoni mwa wafadhili, na likamalizwa kwa usuluhishi na fidia. Waliyoyapitia usiku ule hayalipiki, lakini njia waliyoifungua ipo na ni yenu pia.

Na mkisikia kuna siku ya kuhesabu watu, msiikose. Atakayejenga baada ya tarehe hiyo halipwi, na ambaye hakuwepo nyumbani siku ya kuhesabiwa hupata tabu kubwa kuingizwa baadaye. Chukua namba uliyopewa, mpige picha fomu, na muombe aliyekuhesabu aandike jina la afisi yake. Dada wa steji, na wewe pia uhesabiwe, kwa jina lako na si kama kibanda nambari fulani.

---

Mwenye Duka, Kongowea

Nawaheshimu wote waliosema, ila naona hatari ya upande wa pili. Mizigo yangu inaoza barabarani. Nyanya zinazofika Kongowea asubuhi zinatakiwa ziwe zimefika mitaani kabla ya jua kupanda, na kila saa ya foleni naihesabu kwa hasara. Tukianza mapingamizi, mradi utakwenda mahakamani, pesa zitahamishiwa kaunti nyingine, na wajukuu wetu watakuta foleni ileile.

---

Mhandisi Mstaafu

Ndugu yangu wa Kongowea, hasara yako ni ya kweli, na miongoni mwa niliyoyapendekeza liko la kukufaa wewe kwanza: makutano na vituo vya matatu vinaweza kujengwa kwa miezi michache, wakati utwaaji wa ardhi huchukua miaka. Kinachochelewesha barabara zetu kwa kawaida si maoni ya wananchi yaliyotolewa mapema. Ni bomba kuu la maji lililogunduliwa chini ya lami baada ya mkandarasi kuanza kuchimba, au nguzo za stima zisizohamishwa, au amri ya mahakama iliyoletwa na watu ambao hawakuulizwa. Mambo hayo yakishaulizwa kwenye tathmini hugharimu karatasi. Yakija wakati wa ujenzi hugharimu mashine zilizosimama, nazo hulipiwa kila siku.

Ningependa pia nyote mwombe mpango wa kupitisha magari wakati wa ujenzi. Barabara yenu ndiyo mlango wa mtaa. Ikifungwa nusu kwa mwaka mzima bila njia ya kando iliyomwagiwa changarawe na kunyunyiziwa maji wakati wa kaskazi, foleni mnayoilalamikia sasa mtaitamani.

---

Mkaazi wa Kisauni

Shukrani zisizo na kifani kwenu nyote. Nimeongea na wazee wa mtaa na imamu wetu, na wamekubali tukutane kabla ya mkutano ule ili tugawane kazi: vijana wa chuo wataihesabu barabara wenyewe katika wiki ya shule, akina mama wataandika sehemu za kuvukia na vituo, na sisi wenye nyumba tutaleta risiti. Limebaki swali moja. Ripoti hizi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, na sisi tunataka kuandika maoni yetu kwa Kiswahili. Je, yatapokewa? Na tuyapeleke kwa nani, maana mshauri wa mradi anasema tumpe yeye?

---

Mtaalamu wa Mazingira, Tudor

Yatapokewa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hivyo hakuna afisi ya umma inayoweza kuyakataa kwa sababu hiyo. Ombeni pia muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili. Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ombi hilo liandikwe kwa barua.

Mshauri mpeni nakala, ila msimtegemee kuwafikishia, kwa kuwa yeye amelipwa na mwenye mradi. Maoni yenyewe yapelekeni NEMA, afisi ya kaunti ya Mombasa, kabla ya tarehe iliyotajwa kwenye tangazo, na nakala nyingine kwa mwakilishi wenu wa wadi. Kila hoja itaje ukurasa wa ripoti inaouzungumzia, ili mtu asiweze kujibu kwa maneno ya jumla. Andikeni nakala mbili za kila barua, moja waichukue, ya pili igongwe mhuri wa kupokewa wenye tarehe mrudi nayo. Leseni ikitolewa bila hoja zenu kujibiwa, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na kitu cha kwanza mtakachoulizwa pale ni barua yenye mhuri huo.